MPIGA BESI AMEKIMBILIA SHAMBA LAKE



Andiko la leo ni Nehemia 13:4-13. Sitakunukulia. Fungua Biblia yako usome kwa macho yako kabla hujaanza kunijibu. Ujumbe ni mrefu leo, na najua utawaudhi watu, wakiwemo wachungaji wenzangu ninaowaheshimu. Nimeuombea siku kumi na bado unawaka ndani yangu, kwa hivyo naandika.

Nianze na wewe unayetufuata kwa simu kila Jumapili. Hujawahi kumsikia mpiga besi wetu. Ulikuwa unamwona, yule kijana aliyesimama nyuma karibu na drami, kichwa chini, vidole viwili vikitembea polepole kwenye nyuzi nene. Lakini kumsikia, hapana. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi 4 hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na kile kispika kidogo cha simu yako hakina kifua cha kutoa sauti ya chini namna hiyo. Kinatupa karibu yote. Unabaki na sauti za waimbaji, kinanda na matoazi, unaandika "Amina" na unadhani umesikia ibada nzima.

Sisi tuliokuwa ndani ya hema tulimsikia. Hata kama hatukujua ni yeye, tumbo lilijua.

Niwaeleze kazi yake, kwa sababu nimegundua wengi wetu hatuijui. Mimi mwenyewe nilifundishwa nikiwa na umri mkubwa. Mpiga kinanda akibonyeza do, mi na so kwa pamoja, na besi ikasimama kwenye do, unasikia utulivu, kama mtu amefika nyumbani. Sasa mwache mpiga kinanda asisogeze hata kidole kimoja. Besi ishuke peke yake hadi la. Wimbo ule ule unageuka, unaingia huzuni, watu wanaanza kufumba macho. Kinanda hakijafanya kitu. Ni yule wa nyuma ameamua kanisa lilie. Mara ngapi nimeshika kipaza sauti nikasema "nahisi uwepo umebadilika mahali hapa", na kumbe Mungu alikuwa ametumia vidole vya kijana ambaye hakuwa na nauli ya kurudi kwao?

Msinielewe vibaya. Sisemi Roho Mtakatifu ni besi. Nasema Elisha alipotaka kusikia kutoka kwa Bwana aliagiza aletewe mpiga kinanda, na yule mtu alipopiga, mkono wa Bwana ukamjia nabii. Ni 2 Wafalme 3:15. Nabii mwenye upako maradufu hakuona aibu kumhitaji mwanamuziki.

Na wale wanaoniandikia kwamba sauti nzito ni ya dunia, wasome 1 Mambo ya Nyakati 15:21. Sanduku la agano linapandishwa Yerusalemu, na wanaume sita wametajwa kwa majina, wana vinubi vya Sheminithi. Neno hilo linatokana na "ya nane", na wasomi wengi wa Biblia wanaona linahusu sauti ya chini, hatua nane chini ya ile ya juu. Liko pia juu ya Zaburi ya 6 na ya 12. Kwa hivyo sauti ya chini ilikuwa kwenye msafara wa sanduku zaidi ya miaka elfu mbili kabla Leo Fender hajatoa gitaa lake la besi la umeme huko California mwaka 1951. Hilo nimelimaliza. Silo lililonileta hapa.

Kilichonileta ni sufuria.

Miaka mitatu iliyopita nilimsimamisha huduma mpiga besi wetu kwa miezi 3. Wengi wenu mlikuwepo nilipotangaza. Nilisema kuna "mtumishi" anayepiga vyombo vya Bwana Jumapili na vya ulimwengu Jumamosi, na madhabahu haiwezi kuwa na wake wawili. Mkapiga makofi. Mzee mmoja alikuwa ameniletea picha kwenye simu, kijana amevaa shati jeusi, amesimama na bendi ya hoteli, watu wanakula nyama mbele yake. Nilimwita ofisini. Hakubishana. Alisema tu, "Pasta, mwezi wa tatu niliomba nauli." Nikamjibu, na maneno yangu nayakumbuka vizuri kuliko mahubiri yangu mengi, kwamba kazi ya Mungu haiulizi nauli.

Alimaliza miezi yake 3. Hakurudi. Nilisema moyoni, ametufunulia alikuwa nani.

Mwezi uliopita tulikuwa tunapanga stoo tukapata waya wake na kamba ya kuvalia gitaa. Nikaona nimpelekee, angalau niseme nimemtembelea. Nilimkuta nyumbani yeye na mke wake na watoto. "Karibu, Pasta," akanipa kiti kizuri. Pale kwenye jiko kulikuwa na sufuria inachemka. Saa ya chakula ilikuwa imefika, na mimi kama wachungaji wengi pua yangu huwa mbele, nikasema, "Mama, leo nimekuja wakati mzuri." Mke wake akacheka, akaniambia, "Hizo si za kula, Pasta."

Zilikuwa nyuzi za besi. Nyuzi nne zimeviringishwa kama nyoka ndani ya maji ya moto.

Nikauliza. Akanieleza kwa upole, kama anavyoeleza fundi. Nyuzi zikipigwa muda mrefu zinashika jasho na uchafu wa vidole, sauti yake inakufa, inakuwa kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni. Mwenye pesa ananunua mpya. Asiye na pesa anazifungua, anazichemsha dakika chache, anazifuta, anazikausha vizuri zisishike kutu, anazirudisha. Zinaamka kwa wiki kadhaa. Halafu unachemsha tena. Ukizidisha zinakatika.

Nikamuuliza ameanza lini kufanya hivyo. Akasema, "Nilianzia kwetu kanisani, Pasta."

Kwetu kanisani. Alitupigia miaka 6. Miaka hiyo sita tulibadilisha zulia la madhabahu mara mbili. Tulinunua kile kiti changu chenye mgongo mrefu na kingo za rangi ya dhahabu. Na kijana aliyekuwa akituingiza katika uwepo wa Bwana alikuwa anachemsha nyuzi kwenye sufuria ambayo jioni mke wake angepikia ugali.

Sasa rudi Nehemia 13.

Nehemia alikuwa amerudi kwa mfalme Artashasta. Aliporudi Yerusalemu alikuta mambo mawili, na sisi wahubiri tunapenda kuyatenganisha ilhali Biblia imeyaweka pamoja. La kwanza, kuhani Eliashibu alikuwa amempa Tobia chumba kikubwa ndani ya nyua za nyumba ya Mungu. Tobia huyu alikuwa mtu mkubwa, mwenye uhusiano na wakubwa. Chumba chenyewe kilikuwa cha nini hapo mwanzo? Soma mstari wa 5. Kilikuwa ghala. Nafaka, divai na mafuta ya Walawi, waimbaji na mabawabu viliwekwa humo. La pili, mstari wa 10, Walawi na waimbaji walikuwa wamenyimwa sehemu zao, na kila mmoja alikuwa amekimbilia shamba lake.

Unaona jinsi moja lilivyozaa la pili? Waimbaji hawakurudi nyuma kiroho. Hawakuipenda dunia kama Dema. Ghala lao lilipewa mgeni wa heshima aweke viti vyake, nao wakaenda kulima ili watoto wao wale.

Na tazama Nehemia alimgombeza nani. Hakuita kikao cha nidhamu cha waimbaji. Hakuwatangaza mbele ya watu. Aligombana na viongozi, akawauliza kwa nini nyumba ya Mungu imeachwa. Vyombo vya Tobia akavitupa nje. Halafu akawakusanya waimbaji akawarudisha mahali pao, zaka zikaletwa, na akaweka watunza hazina wanne waliojulikana kuwa waaminifu, Shelemia, Sadoki, Pedaya na Hanani, kazi yao ikiwa kuwagawia ndugu zao.

Mimi nilifanya kinyume kabisa. Nilimkuta mwimbaji shambani kwake nikampiga faini, na Tobia nikamwachia chumba.

Wachungaji wenzangu, tuambiane ukweli. Malaki 3:10 tunaihubiri karibu kila Jumapili kabla ya kikapu kupita. Tunajua ghala, tunajua madirisha ya mbinguni. Malaki anawekwa na wengi katika nyakati zile zile za Nehemia au karibu nazo, kwa hivyo ghala analolizungumzia ni la hekalu lile lile. Sasa nani walikula kutoka ghala lile? Nehemia 13 inajibu, na waimbaji wametajwa waziwazi. Mbona Malaki 3:10 tunaijua kwa kichwa na Nehemia 13:10 hatujawahi kuihubiri hata mara moja? Nitajibu kwa niaba yangu. Ya kwanza inaleta pesa. Ya pili inazitoa.

Tobia wa leo ana sura nyingi. Ni mhubiri mgeni tunayemlaza hoteli nzuri na kumpa bahasha nene kwa mahubiri ya saa moja, kisha tunawaambia wapigaji waliokesha naye usiku kucha kwamba thawabu yao iko mbinguni. Ni mabango makubwa ya barabarani yenye picha yangu na ya mke wangu. Ni spika za kukodi ambazo mwenyewe analipwa kabla hajazishusha kwenye gari, kwa sababu yeye ni mfanyabiashara na tunaogopa atazifunga aondoke. Mwenye hema analipwa. Mwenye viti vya plastiki analipwa. Fundi wa umeme analipwa. Anayeambiwa ni "huduma" ni yule tu ambaye hawezi kutuzimia stima.

Hesabu saa zake. Alhamisi jioni mazoezi, saa mbili. Jumamosi mazoezi, saa tatu. Jumapili yuko kwenye hema saa moja asubuhi akifunga nyaya na anatoka saa nane mchana baada ya ibada zote mbili. Hizo ni saa 12 kwa wiki, na sijahesabu kesha la Ijumaa ya mwisho wa mwezi, arusi za washirika ambazo kamati huweka "wanamuziki wetu" upande wa bure, wala matanga. Na besi haiingii kwenye matatu iliyojaa. Makanga anamwambia alipie kiti cha gitaa au ashuke. Kwa hivyo anapanda boda, kwenda na kurudi, mvua ikinyesha analivalisha gitaa koti lake yeye mwenyewe anyeshewe.

Wahenga walisema mtumikie kafiri upate mradi wako. Kijana wetu alimtumikia mtakatifu akakosa hata nauli.

Najua mtakayosema, maana mimi mwenyewe nimeyasema kutoka madhabahuni.

Mtasema akilipwa atakuwa mtu wa mshahara, moyo wake utaondoka kwa Bwana. Mimi ninalipwa. Mnaninunulia mafuta ya gari. Je, moyo wangu umeondoka kwa Bwana? Kama umeondoka niambieni. Kama haujaondoka, ni nini kilicho ndani ya pesa ambacho hakimdhuru mchungaji lakini kinamwangamiza mpiga besi?

Mtasema Daudi alimpigia Sauli bila malipo. Someni tena 1 Samweli 16. Daudi alitafutwa kwa sababu alijulikana kuwa na ustadi, akaletwa nyumbani mwa mfalme, akakaa huko, akawa mtumishi wa mfalme. Mfalme aliyekuwa na roho mbaya alijua kumpa mwanamuziki wake mahali pa kulala.

Mtasema Paulo alihubiri bure. Ni kweli, 1 Wakorintho 9. Lakini anza juu kidogo. Paulo anasema kwanza kwamba wahudumu wa hekalu hula vitu vya hekalu, na kwamba haki hiyo anayo. Halafu yeye mwenyewe, kwa hiari yake, anaiacha. Haki ya kuacha ni ya mwenye haki. Hakuna mzee wa Korintho aliyemwachia Paulo haki yake kwa niaba yake kisha akaita jambo hilo unyenyekevu. Kama mpiga besi ana kazi nzuri mjini na anasema, Pasta, mimi nampigia Bwana bure, huyo ni mtoaji, na tumwandike miongoni mwa watoaji wakubwa wa kanisa. Lakini aulizwe kwanza.

Na mtasema, haya, alipwe, lakini ile hoteli? Hapa nitatembea polepole. Kuna mahali Mkristo hapaswi kufanya kazi, na kama kijana wangu angekuwa anapiga mahali ambapo wasichana wanauzwa ningemfuata usiku huo huo nimtoe. Sijabadilika hapo. Lakini kupiga wimbo watu wakila nyama? Seremala aliyetutengenezea mimbari ndiye aliyetengeneza kaunta za baa mbili mjini, na hapa hapa madhabahuni nilimwekea mikono nikabariki kazi ya mikono yake. Tuna mshirika anayeandika hesabu kwenye kampuni ya pombe. Zaka yake inaingia kila mwezi kwa simu, sijawahi kuirudisha. Mbona mikono ya mpiga besi peke yake ndiyo inayochafuka?

Nyinyi mliookoka mjini miaka ya tisini mnakumbuka kanda ya Ron Kenoly, ile ya 1992, "Lift Him Up". Tuliitazama hadi picha ikaanza kuruka. Mnakumbuka yule mpiga besi aliyekuwa akicheza huku anapiga, anatabasamu kama mtoto aliyepewa soda? Ni Abraham Laboriel, mzaliwa wa Mexico. Kazi yake ya kila siku ilikuwa studio za Los Angeles, akipigia wasanii wa kila namna, na ameshiriki katika maelfu ya rekodi. Kwa hiyo vidole vilivyotufundisha sisi kucheza mbele za Bwana vilikuwa vinalipwa kupiga jazi siku za wiki. Hatukujua, tukabarikiwa. Kwa kijana wetu tulijua, tukampiga mawe.

Tena tuna unafiki wa namna yake hapa kwetu. Ibada ikichangamka na mwimbaji akaita sebene, kina mama wanatoa leso, wazee wanaacha fimbo, na besi inakimbia kama mto umevunja kingo. Mpiga besi amejifunzia wapi hiyo? Kwa rumba ya Kongo na kwa benga ya nyumbani, mahali besi haikai nyuma kimya. Tunalitaka tunda jikoni kwetu, mti tunaulaani.

Mtu atasema hata duniani wapiga besi husahaulika, ndiyo kazi yao. Ni kweli. James Jamerson wa Detroit alipiga besi kwenye nyimbo nyingi sana za Motown miaka ya 1960, dunia nzima ikazicheza, na jina lake halikuandikwa kwenye majalada. Ilifika 1971, albamu ya Marvin Gaye, ndipo yeye na wenzake wakatajwa. Lakini ile ilikuwa biashara ya watu wa dunia. Hawakuwa na Nehemia 13 mbele yao. Sisi tunayo, tumeipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na kitabu chetu cha matangazo hakijawahi kuandika jina la mpiga besi.

Mnaopiga besi, msinishangilie haraka. Nimewaona pia. Kuna anayefika wimbo wa tatu ukiendelea, anatafuta pa kuchomeka waya huku watu wanaabudu. Kuna aliyejifunza kupiga uzi kwa kidole gumba juzi kwenye video, na sasa hata wimbo wa Meza ya Bwana lazima tusikie gumba lake. Kuna wale ambao sifa zikiisha wanatoka nje na mpiga drami, wanakaa kwenye mti na simu hadi waitwe kwa wimbo wa kufunga. Mahubiri ni ya nani? Na mabishano yenu ya nyuzi 4 na nyuzi 5 hayaishi. Nimesikia vijana wawili wakibishana robo saa kama uzi wa tano ni wa lazima, na kumbe amplifaya yenyewe ya kanisa inakoroma tangu Pasaka. Ustadi ni kujua wapi pa kunyamaza. Yule kijana wetu alijua. Nilipokuwa nikiomba alipiga noti moja kwa dakika nzima, na ilitosha.

Waongoza sifa nao wana lao. Mnaanza wimbo hewani bila kumwambia mtu ni noti gani, wapigaji wanawatafuta kama mbuzi aliyepotea, halafu mnawageukia mnawakazia macho mbele ya kanisa. Na wapiga kinanda, ule mkono wa kushoto! Besi yupo. Mwachieni sakafu yake.

Narudi kwa nyumba ile. Nilikunywa chai. Nilimwomba msamaha mbele ya mke wake, kwa sababu nilimwaibisha mbele ya watu na sikuona haki ya kuomba msamaha sirini. Alisema amesamehe siku nyingi. Nikamuuliza anaabudu wapi. Akaniambia kanisa fulani upande wa pili wa mji, wanakaa viti vya nyuma. Nikamuuliza, unawapigia? Akatikisa kichwa. "Hawajui kama mimi hupiga, Pasta. Sijawaambia."

Hilo halijaniacha nilale. Hoteli hainisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba Mungu ameweka kitu ndani ya mikono ya mtu, na kwa sababu yangu mtu huyo anaingia katika nyumba ya Mungu akiwa ameficha mikono mfukoni.

Sikumwomba arudi. Ningemrudisha kwa nini? Mkononi nilikuwa na waya wake mwenyewe.

Kanisa letu si kubwa, hatuwezi kulipa mishahara minono, na sitawadanganya. Lakini uwezo mdogo si sababu ya kutoa sufuri. Nauli tunaiweza. Nyuzi mpya mara mbili kwa mwaka tunaziweza, fundi wa amplifaya tunamweza, chakula kati ya ibada ya kwanza na ya pili tunakiweza, maana mimi huletewa changu kwenye sahani iliyofunikwa. Posho ya mwezi kwa wanaopiga, iandikwe kwenye bajeti, isomwe wazi kama inavyosomwa yangu, isiwe kitu cha kuombwa ofisini kwa unyonge. Na arusi ya mshirika ikitaka bendi, kamati ilipe bendi kama inavyolipa keki.

Tafadhali, hii si harambee. Usitume pesa kwa namba yangu kwa ajili ya jambo hili. Kama umeguswa na uko kanisa lingine, nenda kwa mpiga besi wa kwenu umuulize alifikaje ibadani. Usimwombee kwanza. Muulize kwanza.

Kile kiti chenye kingo za dhahabu nimekitoa madhabahuni jana. Kiko stoo, kimefunikwa na turubai, na fundi mmoja ameshaniuliza bei. Mkiniona Jumapili nimekaa kwenye plastiki, msilete maneno.

Wazee, tukutane Alhamisi saa kumi na moja jioni, kabla ya mazoezi. Mweka hazina aje na vitabu vya miaka hiyo sita, vyote, na mzee aliyeniletea ile picha nakuomba usikose, baba, sina neno baya nawe. Wapigaji nao waingie kikaoni. Wataketi mezani pamoja nasi, si mlangoni.

Mbarikiwe.